Ng'ombe wa Msabila

"Ng'ombe wa kuagwa haji mara mbili."

Nililisema hilo tukimenya mihogo, na vijana wa nyumbani kwangu wakanitumbulia macho. Shija, mtoto wa kaka yangu, alikuwa amekaa juu ya ndoo, amenuna. Kiwanda chake cha sabuni kilifungwa, akapewa kiinua mgongo, na kabla mwezi haujaisha akapata kazi kwenye kiwanda cha mabati. Mlipa mishahara wa huko akajumlisha kiinua mgongo na mshahara, akaona huyu kijana ni tajiri, akapanga kumkata kodi ya tajiri mwezi baada ya mwezi.

"Shangazi, mimi nalia na kodi, wewe unaniletea ng'ombe," akasema Shija. "Methali hiyo umeitoa wapi?"

Basi wekeni visu chini, nikawaambia. Neno hili lina mama yake, na jina lake ni Nyanzala.

Nyanzala alichemsha chumvi kwenye chemchemi za mzee Kafuku, zamani za watemi. Alikuwa mjane, ana watoto wawili na mama mkwe asiyeona. Mwaka mmoja chemchemi ilififia, na Kafuku akalazimika kuwaaga watu wake. Alikuwa muungwana. Kila aliyeagwa alipewa mizigo ya chumvi kwa kadiri ya miaka aliyofanya kazi, na Nyanzala alikuwa amezeekea pale, kwa hiyo mizigo yake ilijaza ukumbi.

Hakukaa kulia. Alikwenda kwa warina asali akaomba kazi ya kuchuja nta, akapewa. Mwezi uleule akaleta nyumbani kibuyu chake cha kwanza cha asali. Kibuyu hicho ndicho kingebadilishwa kwa mtama, na mtama ndio uji wa wale watatu.

Sasa, nchi ile ilikuwa na mtoza ushuru aitwaye Msabila. Sheria ya mtemi ilikuwa nzuri: mwenye kipato kidogo atoe kidogo, mwenye kikubwa atoe kikubwa. Lakini Msabila alikuwa mvivu wa miguu. Alipita kila nyumba mara moja tu, akatazama kilichoingia mwezi huo, na kwa mwezi huo akampangia mtu ushuru wa mwaka mzima. Alipochungulia kwa Nyanzala akaona chumvi imefika darini na kibuyu kimekaa juu yake.

"Kumbe mama wewe ni tajiri!" akasema. "Utatoa nusu ya asali yako kila mwezi."

"Mzee Msabila, chumvi hii nimepewa kwa kuagwa. Ushuru wake nimekwisha kuutoa kule kwa Kafuku."

"Mimi nahesabu ninachokiona."

Nusu ya asali! Hapo mtu angechagua nani alale njaa, watoto au bibi yao. Majirani walimwambia anyamaze, mkono usioweza kuukata ubusu. Nyanzala alikasirika, na mimi nampenda kwa hasira ile. Siku ya baraza akajitwika kibuyu chake, akaenda kwa mtemi, akakitua, akapiga magoti, akapiga makofi ya heshima, akasema:

"Mtemi wetu, sikatai ushuru. Naomba tu mzee Msabila anipime kwa kipimo anachojipimia mwenyewe."

"Kipi hicho?" akauliza mtemi.

"Alipohamishiwa kwetu, watu wa kule alikotoka walimuaga kwa ng'ombe. Sote tunamjua ng'ombe yule."

Baraza likaanza kucheka. Nani asingemjua? Msabila alimzungusha mji mzima amevikwa majani kwenye pembe, ngoma mbele, ngoma nyuma, ndipo akamchinja. Kila aliyeonja nyama ile alilipia kwa kusikiliza sifa zake upya.

"Ng'ombe aliingia mwezi uleule alioanza kazi hapa," Nyanzala akaendelea. "Basi kipato chake ni ng'ombe kila mwezi. Alete nusu ng'ombe kwako, Mtemi, kila mwezi unapoandama."

Msabila aliruka kama aliyekalia siafu. "Nusu ng'ombe nitatoa wapi? Yule nilipewa mara moja tu! Walikuwa wananiaga!"

"Na mimi chumvi yangu?"

Mtemi alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akanyanyua mkono.

"Cha kuagwa kina ushuru wake, na umekwisha kutolewa. Asali ipimwe peke yake. Na wewe Msabila, utapita upya kila nyumba uliyoipima, kwa miguu yako."

Wanawake walipiga vigelegele wakamsindikiza Nyanzala mpaka mlangoni kwake, kibuyu kimejaa pomoni kichwani. Watoto wakimwona Msabila anahema njiani walimwimbia: ng'ombe wa kuagwa haji mara mbili! Tangu hapo nchi nzima ikalishika neno hilo.

Asubuhi yake Shija alivaa shati lake jeupe akaenda kwa mlipa mishahara, akamwomba atenganishe cha kuagwa na cha kazi. Jioni tulimsikia kabla hatujamwona.

"Shangazi! Wamerekebisha! Na kilichozidi wananirudishia!"

Mkononi alikuwa na furushi la nyama la kutosha mtaa mzima. Tulikula, tukacheka, tukalamba vidole. Mdogo wao mmoja akaniuliza kama na kesho tutakula nyama.

"Kula ushibe, mwanangu," nikamwambia. "Ng'ombe wa kuagwa haji mara mbili."