Fisi na Siri za Wagonjwa wa Kakakuona

Mwaka mmoja mvua iliikimbia nchi ya wanyama, visima vyote vikakauka isipokuwa kimoja tu. Mbwa mwitu wa ng'ambo wakaanza kukivamia. Ikawa mwindaji mmoja amehama kwa kiu, akaiacha bunduki yake porini. Simba, mfalme mwenye majivuno, akatangaza kwamba bunduki hiyo atapewa mlinzi mmoja wa kisima, tena kwa kibali. Habari za mwombaji zitaulizwa kwanza kwa majirani, kisha kwa mganga.

Mganga alikuwa Kakakuona, bibi mpole wa maneno machache. Simba akamwita.

"Niletee magonjwa ya kila mwombaji," akasema.

"Siwezi, Mfalme. Mgonjwa akinieleza jambo, nalifungia humu magambani. Mwenyewe akiridhia, nitakujibu swali moja tu: anafaa kushika bunduki, au hafai."

Simba hakuzoea kunyimwa kitu. Alifungua kinywa angurume, akakumbuka kwamba mwaka juzi yeye mwenyewe alikwenda kwa Kakakuona kutibiwa hofu ya radi. Akakifunga.

"Swali moja linatosha," akasema.

Wa kwanza kuomba alikuwa Fisi. Si kwamba aliwahurumia wenzake; alijua kuwa mwenye bunduki ndiye mwenye maji, na kila mwenye kiu angepita mbele ya meno yake. Wa pili alikuwa Paa. Fisi alipomwona Paa akiingia kwa mganga kupimwa, alizunguka nyuma ya kibanda, akatega sikio penye ufa wa ukuta.

"Bibi, tangu mwanangu aliwe na mamba sipati usingizi," Paa alisema. "Nalia mpaka nachoka."

"Huo ni msiba, mwanangu, si wazimu. Utapona."

Fisi aliondoka na nusu ya maneno hayo. Kabla jua halijafika utosini, msitu mzima ulikuwa ukisema kwamba Paa ana wazimu.

Paa akarudi, macho yamemwiva. "Nilikueleza wewe peke yako, bibi."

"Sijamwambia mtu."

"Basi nani kasema?"

Kakakuona alijikunja, akakaa hivyo siku tatu, wala hapakuwa na sababu ya kujikunjua, maana hakuna mgonjwa aliyekuja. Nyani alishikwa na homa kali, akajifunika majani nyumbani kwake, akisema afadhali afe nayo kuliko kuisikia ikitajwa kisimani.

Ndipo akaja Sungura, mjanja asiyependa jambo limpite. Akakaa karibu na ukuta, akapaza sauti: "Bibi, nataka kuomba bunduki, lakini naumwa. Kila nikimtazama Mfalme naona kuku." Kisha akainama, akamnong'oneza: "Ni uongo. Siumwi kitu."

Baraza lilipokutana na jina la Sungura likaitwa, Fisi aliwahi kusimama. "Mfalme, huyu hafai. Akikutazama anaona kuku."

Simba akatafakari.

"Jogoo au mtetea?"

"Hakusema, Mfalme."

"Hakusema wapi?" Sungura akauliza.

Fisi akababaika. "Mganga ndiye aliyeniambia."

Kakakuona angeweza kujitetea kwa maneno machache, lakini hayakuwa maneno yake. Akamtazama Sungura.

"Nakuruhusu, bibi," Sungura akasema. "Waambie nilichokunong'oneza."

"Ulisema ni uongo. Kwamba huumwi kitu."

"Kama siri ingekuwa imetoka kwa bibi, Fisi angejua kuwa ni uongo," Sungura akawaambia. "Aliyekosa mnong'ono alikuwa nje ya ukuta."

Wakaenda kutazama. Chini ya ufa, nyayo za Fisi zilikuwa zimejaa tele. Simba akamnyima kibali, akaamuru awe akinywa maji wa mwisho kila siku, baada ya tai.

Kisha, majirani wakiwa wamekwisha kuulizwa, akamgeukia Paa. "Unaridhia mganga aulizwe?"

"Naridhia."

"Anafaa?"

"Anafaa," akasema Kakakuona.

Simba akangoja aongeze. Hakuongeza. Paa akakabidhiwa bunduki, na kesho yake Nyani akabisha hodi kwa mganga, anatetemeka kwa homa.

Siri ya mtungi aijuaye kata.