Kituo Kisichokuwa na Kelele

Wapendwa, kulikuwa na mama mmoja mwenye kituo cha kulelea watoto wadogo, wale ambao wazazi wao huwaacha asubuhi wakienda kazini. Kituo kilikuwa kisafi. Mtungi wa kuzimia moto ulikuwa mahali pake, vyoo vilikuwa vya kimo cha watoto, jiko lilikuwa na uzio. Kwa hiyo afisa ustawi wa jamii alipokuja kukagua kabla ya kumpa leseni, mama yule hakuwa na wasiwasi. Alimtembeza kila mahali, na afisa akawa anaitikia tu kwa kichwa.

Mwisho wakaingia darasani. Watoto walikuwa wamekaa kwenye mkeka, mikono mapajani. Hakuna hata aliyekohoa.

"Unaona, dada yangu?" mama akasema. "Kwangu hakuna kelele."

"Huwa wako hivi siku zote?"

"Siku zote. Wazazi wanakipendea kituo changu kwa hilo."

Afisa akawatazama kwa muda, kisha akamwomba mwenye kituo ampishe kidogo. Mama akatoka, akasimama uani karibu na dirisha, akiwaza leseni yake ataitundika ukuta gani.

Kwanza hakusikia kitu. Halafu mtoto mmoja akanong'ona, "Madamu ameenda?"

"Ametoka," afisa akajibu.

Mmoja akacheka. Mwingine akadakia. Punde chumba kizima kikachangamka: huku wanaimba, kule wanagombea mpira, mwingine analilia maji. Sauti moja mama hakuijua kabisa. Akachungulia. Ilikuwa ya mtoto ambaye yeye mwenyewe aliwaambia wazazi wake kwamba bado hajaanza kusema.

Afisa akatoka. "Umesikia, mama?"

"Nimesikia."

"Majengo yako hayana kasoro. Leseni siwezi kukupa leo."

Mama alibaki uani, akiogopa kuingia, maana alijua akiingia watanyamaza.

Tunamlaumu, sivyo? Lakini wewe baba, wewe mama, wewe mkuu wa ofisi, ukitokea mlangoni mazungumzo yanakwenda wapi? Sisi hiyo tunaiita heshima. Tunamshukuru Mungu kwa nyumba zenye amani, kumbe watu wamebana pumzi wakingoja tuondoke.

Leo ukirudi nyumbani, usiwe na haraka ya kupiga hodi. Simama kidogo nje, usikilize wanavyocheka. Kisha ingia, uone kama wataendelea.