Bangili Kumi na Moja Kwenye Sinia

Usiipeleke hii kwa wenzako kabla hujaifikisha mwisho mwenyewe. Mimi mara ya kwanza niliisoma mbiombio nikiwa jikoni. Ikabidi nizime jiko, nikae, niirudie.

Katika mji wa Lindi palikuwa na mwanamke aitwaye Mwasiti, fundi wa bangili za shaba. Duka hakulirithi, wala ufundi hakuusomea popote. Alianza na nyundo moja, kipande cha reli cha kugongea, na kikopo cha vyuma vidogo vya herufi, kila chuma na herufi yake.

Bangili zake zilikuwa nyembamba, hazina nakshi wala kito. Uzuri wake ulikuwa ndani. Upande ule unaogusa ngozi, Mwasiti aligonga maneno machache ya kumtia moyo mvaaji. Na maneno hayo hakuyaokota hewani. Mteja aliketishwa kwenye kigoda, akaambiwa, "Haya, mwenzangu, nieleze." Mwasiti alisikiliza, mikono ameiweka mapajani, mpaka mtu amalize la moyoni. Ndipo alipogonga, herufi moja moja.

Bi Esha, mshonaji aliyeanza kupoteza nuru ya macho, alipata bangili iliyosema, "Vidole vyako vinaona." Bibi harusi mmoja yatima alipata, "Hukuja peke yako." Kila mteja aliondoka na sharti moja: maneno ya ndani ni siri yako na ngozi yako, usimwonyeshe mtu.

Sharti hilo lilikuwa zuri. Baadaye ndilo lililomfichia Mwasiti aibu yake kwa mwaka mzima.

Chema chajiuza. Sifa zilifika Mtwara, zikafika mpaka Dar es Salaam, na kile kigoda hakikupata nafasi ya kupoa. Hapo Mwasiti akaanza kuwaona wateja wake kuwa watu wenye maneno mengi. Mtu analia mbele yake, yeye anawatazama waliosimama mlangoni. Mtu anasema mume wangu, mwanangu, homa yangu, yeye anaitikia, "Pole, Mungu yupo," na moyo wake uko kwa mteja anayefuata.

Mwisho akaenda kwa fundi chuma, akachongewa chapa yenye sentensi nzima: "Ngoja, heri yako yaja." Pigo moja la nyundo, kazi imekwisha. Maneno hayo aliyachagua kwa akili sana, maana nani duniani hangoji kitu? Anayetafuta mtoto anangoja, mwenye kesi anangoja, hata aliyeshiba mchana anangoja chakula cha jioni.

Kigoda kilibaki pale pale, na watu waliendelea kukaa na kueleza. Ila bangili yao ilikuwa imeshagongwa tangu jana, imo kwenye droo. Mteja akimaliza kueleza, Mwasiti aligeukia ukutani akaigonga ile reli tupu, ko, ko, ko, ili mlio usikike. Kisha akageuka na bangili mkononi, akatabasamu.

"Hii ni yako peke yako," alisema.

Siku mbili kabla ya Idi alikuja Somoe, jirani yake wa nyumba ya tatu, mwanamke asiyependa kusumbua watu. Watu walijaa mpaka barazani. Somoe aliketi, akainama, akasema kwa sauti ndogo kwa muda mrefu. Mwasiti aliitikia huku anajibu ujumbe kwenye simu. Akageuka, ko, ko, ko, akampa bangili.

Somoe aliisoma, machozi yakamtiririka.

"Umenijibu," alisema. "Ahsante, da Mwasiti. Nilikuwa sijui nishike lipi."

Mwasiti alimpiga picha akiwa vile vile na machozi yake. Jioni akaiweka mtandaoni, watu wote waione, na chini akaandika: "Mteja wangu analia kwa furaha." Alisifiwa sana siku hiyo.

Miezi minane ikapita. Mama yake Somoe, aliyekuwa anaishi Mchinga, akafariki asubuhi moja huku anafagia uwanja wake. Somoe alizika, akarudi Lindi, na arobaini ilipofika akasoma hitima nyumbani kwake. Majirani walifika mapema kusaidia, Mwasiti akiwemo. Ujirani ni siku kama hizo.

Kazi ya asubuhi ilikuwa kukanda unga wa maandazi. Kabla ya kutia mikono, wanawake walivua bangili wakaziweka kwenye sinia moja, juu ya kinu kilichopinduliwa. Mwasiti alipoliona lile sinia alikuwa ameshazama kwenye unga mpaka viwiko.

Alitamani aliondoe. Angeliondoaje na mikono ile?

Mwanahawa, mmoja wa majirani, ndiye aliyemaliza kwanza. Akanawa, akachagua bangili, akaitazama ndani.

"Hii yangu," alisema.

"Yako wapi, shoga?" akadakia mwenzake. "Hiyo yangu. Soma ndani."

"Nimesoma. 'Ngoja, heri yako yaja.'"

"Si ndiyo hiyo! Maneno hayo nimeandikiwa mimi, kwa ajili ya kesi ya nyumba yetu."

"Kesi gani? Mimi nimeandikiwa nilipokuwa natafuta mtoto!"

Wa tatu akasogea, wa nne akasogea. Wakazigeuza bangili moja moja kwenye mwanga wa jua. Zilikuwa kumi na moja. Kumi zilisema kitu kimoja. Ile iliyobaki ilikuwa ya Bi Esha, nayo Bi Esha aliichukua kimya kimya akaificha ndani ya kanga, utadhani yeye ndiye aliyekosa.

"Kumbe tumeshonewa sare!" mmoja akasema, na wawili watatu wakacheka.

Kicheko kile kilimchoma Mwasiti vibaya. Uso ulimwaka, masikio yakamwaka, akaendelea kuukanda unga uliokwisha kukandika. Kichwani alikuwa ameshaanza kutunga uongo. Angesema yule fundi chuma alikosea. Angesema ni dua, na dua moja inatosha watu wote. Aliona kwamba hakuna jambo baya kuliko kuchekwa na majirani, na kwamba likipita hilo amepona.

Somoe akatoka ndani kusikia kelele za nini. Wakamwonyesha. Yeye hakucheka. Alichukua bangili moja akasoma, akachukua ya pili, ya tatu, akazisoma zote kumi kwa zamu. Kisha akaja akachuchumaa mbele ya Mwasiti.

"Da Mwasiti, siku ile nilikueleza nini?"

"Siku ipi, mwenzangu?"

"Kwenye kigoda. Kabla ya Idi."

Mwasiti akatafuta. Alikumbuka foleni, alikumbuka simu, akaikumbuka na ile picha. Neno hata moja la Somoe hakuwa nalo.

"Ulinieleza... habari za mama," akabahatisha.

"Habari gani za mama?"

Mwasiti akatazama unga.

"Sikumbuki," alisema.

"Hukunisikia," Somoe akamwambia, na sauti yake haikupanda. "Nilikwambia nimegombana na mama. Kaniambia nisikanyage kwake mpaka aniite. Nilikwambia nataka niende Idi hiyo bila kuitwa, nimwangukie miguuni, ila naogopa atanifukuza mbele ya watu. Nikakuuliza, niende au nisiende? Ukageuka, ukagonga, ukanipa. 'Ngoja.' Nikasema huyu kanisikiliza mpaka mwisho, na jibu lake ni hili. Basi nikangoja. Mchinga hapo, da Mwasiti. Saa moja kwa gari."

Hakuna aliyecheka tena.

"Siku ya maziko jirani yake mama akanishika mkono," Somoe akaendelea. "Akaniambia Idi ile mama alipika kitoweo cha watu wawili, akakaa mlangoni mpaka alasiri. Kumbe na yeye alikuwa anangoja."

Akairudisha bangili kwenye sinia, akainuka, akaingia ndani kuwapokea masheikh.

Mwasiti aliondoka bila kunawa. Alipita mtaani unga umemkaukia mikononi, watoto wakamwamkia, asiweze kuwaitikia. Nyumbani aliitafuta ile picha kwenye simu akaifuta, lakini alijua watu wangapi walishaiona. Alilia kwa aibu, aibu ya kweli, ile ambayo mtu hujionea haya hata mwenyewe. Kuchekwa kungepita. Hili hakujua litapita vipi, maana aliyekufa haendewi.

Akachukua tupa, akaisugua ile chapa mpaka herufi zote zikafutika.

Siku zilizofuata alizunguka nyumba kwa nyumba. Kila mlango alisema yale yale: "Sikukusikiliza. Nilikudanganya. Naomba unisamehe." Wengine walimkaribisha chai. Wengine walimrushia bangili yake miguuni, naye aliiokota akasema ahsante. Mwanahawa alimjibu, "Sina kinyongo, lakini siri zangu sikupi tena." Mlango wa Somoe alisimama mbele yake mara tatu, na mara tatu akarudi bila kubisha.

Duka lilipoa. Asubuhi aliufungua mlango, akakaa akakitazama kigoda kitupu.

Hata siku moja, baada ya adhuhuri, Somoe aliingia. Hakusalimia kwa maneno mengi. Akavuta kigoda, akaketi.

"Nimekuja nikueleze," alisema.

Mwasiti akaizima simu. Akaweka nyundo chini sakafuni, akaiweka mikono mapajani. Somoe akaanza tangu mwanzo: ugomvi ulivyoanza, ambao ulikuwa wa kitu kidogo, kanga moja iliyoungua kwa pasi, maneno waliyotupiana, Idi zilivyopita, sauti ya mama yake akiimba anapopepeta mchele. Alisema mpaka adhana ya alasiri ikalia. Mteja mmoja alichungulia mlangoni, Mwasiti hata hakugeuza shingo. Alilia pale Somoe alipolia, na hakusema Mungu yupo.

Somoe alipomaliza, Mwasiti alijifuta machozi kwa upindo wa kanga.

"Nikuandikie nini, da Somoe?" Mwasiti akauliza. "Niambie lolote. Nitagonga hata usiku kucha."

Somoe akainuka, akajifunga kanga vizuri.

"Usiandike kitu," alisema. "Hata siku ile, bangili sikuijia."

Akatoka, akarudi nyumbani kwake.

Funzo: Mwenye kidonda haji kwako kutafuta maneno mazuri, anakuja kutafuta sikio, na neno la matumaini likitolewa na asiyesikiliza, laweza kumzuia mtu mlangoni pale alipotakiwa kuingia.