Aliyeteremka Ngazi Uso Mbele

Wenye masikio mpo?

Tupo, na miguu tumeinyoosha!

Niseme nisiseme?

Sema, tukichoka tutakuambia!

Haya, nasema. Ila nitasema nikiangalia chini, maana hadithi hii ina aibu, na aibu yenyewe naijua.

Hapo kale wanyama walikuwa na jiji lao, lina maghorofa mengi na kisima kimoja tu. Kila mwaka walikimbia marathoni, kilomita arobaini na mbili, wakilizunguka jiji zima. Mshindi alikabidhiwa ufunguo wa kisima mwaka mzima. Miaka mitatu mfululizo ufunguo ulining'inia shingoni kwa Bwana Nyati. Alifungua, akanywa. Alikunywa, akaoga. Alipomaliza kuoga ndipo wadogo wakaitwa wachote tope.

Nguchiro, kijinyama kidogo chenye maneno mengi, akawaahidi wadogo wenzake kwamba mwaka huu ufunguo atauleta yeye. Wakamshangilia, wakamshonea na viatu.

Siku ikafika. Filimbi ikalia, pyuuu! Wanyama wakatoka, pu pu pu pu. Nguchiro akakimbia kilomita mbili, pumzi ikamwishia. Akaona mkokoteni wa machungwa unapelekwa kwenye mstari wa mwisho. Akajitumbukiza, tumbwi, akajifunika machungwa. Ilipobaki kilomita moja akachomoka, akajimwagia maji yaonekane kama jasho, akakata utepe. Nyati akaja wa pili, anafoka. Bi Kobe alifika wa mwisho kabisa, jua linazama, mabango yameshakunjwa, lakini alifika kwa miguu yake.

Sasa, jiji lile lilikuwa na desturi yake. Waliokimbia walikaa siku saba katika jengo moja la ghorofa, na majirani waliwaletea uji wa pole na maji ya chumvi ya kukanda miguu. Na wote, kila waliposhuka ngazi, walishuka kinyumenyume, wameshika ukuta, maana mapaja yalikaza na magoti yalikataa kukunjika. Kwe, ngazi moja. Aah. Kwe, ngazi ya pili. Aah.

Nguchiro alikuwa mzima kabisa. Alilala akiguna ili asishtukiwe. Siku ya pili mlango ukagongwa, ko ko. Ni Bi Kobe, amepanda ghorofa tatu na bakuli la uji juu ya gamba, miguu inamtetemeka.

"Kunywa, mwanangu," akasema. "Mimi na wewe ndio tunaojua ilivyouma."

Nguchiro akanywa. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Bi Kobe akaanza kumkanda miguu isiyouma, huku yake mwenyewe inamuuma, na Nguchiro akaangua kilio. Bi Kobe akadhani ni maumivu, akamkanda taratibu zaidi.

Siku ya tatu Nyati akapanda hadi mlangoni kwa Nguchiro, akatangaza jengo zima lisikie kwamba mdogo huyu ni mwongo, na ufunguo urudi kwa aliyefika wa pili. Wakimbiaji wakatoka, wakajipanga ngazini. Nguchiro akaona kwamba akikana, ataendelea kunywa uji wa Bi Kobe kwa uongo. Na akikubali tu, wadogo watarudi kwenye tope.

"Ni kweli, mjomba," akasema. "Nilipanda mkokoteni wa machungwa. Ufunguo si wangu. Ila kuna sufuria ya uji wa karanga kule chini, haina mwenyewe, na ngiri ameanza kuinusa."

Nyati hakungoja. Gudugudugudu! Ghorofa tatu, uso mbele, mkia juu, ngazi mbili mbili. Alipofika chini hakukuta sufuria. Akageuka, akawaona wakimbiaji wote wanamtazama, mikono ukutani.

"Bwana Nyati," Bi Kobe akauliza polepole, "wewe magoti hayakuumi?"

Nyati akainamisha pembe. Ikajulikana kwamba kila mwaka alikuwa akipotelea nyuma ya soko na kuibukia darajani kwa njia ya mkato.

Nguchiro naye akashuka uso mbele, ufunguo mkononi, wote wanamwona. Zilikuwa ghorofa tatu tu, lakini hakuwahi kwenda mwendo mrefu kama ule. Wakimbiaji wa kweli walipoulizwa nani apewe ufunguo, walimchagua Bi Kobe, kwa kuwa ndiye aliyeumia muda mrefu kuliko wote. Kuanzia siku ile wadogo walikunywa kwanza. Nguchiro alimpelekea Bi Kobe maji kila asubuhi, na kila asubuhi alishindwa kumtazama usoni.

Hadithi yangu miguu imekaza, naiketisha hapa.

Funzo lake?

Funzo ni hili: ukipanda mkokoteni kwenye marathoni, shuka ngazi kinyumenyume siku saba, nani atakujua?

Na ile medali iliyo ukutani kwako, wewe uliposhinda ulishukaje?

Mimi? Mimi nyumba yangu haina ngazi.