Farasi Aliyechinjwa Kabla ya Baridi

Mwezi wa Novemba katika kijiji cha Chong-Bulak, kule milimani Kirigizistani, una hila. Asubuhi unakuta theluji imelala juu ya mapaa, nyeupe pe. Jioni matone yanadondoka na kuku wanaparura matope. Wenyeji wameuzoea mwezi huo, ila hawauamini. Kila mtu anajua kwamba mambo mawili hungoja baridi ya kweli: mteremko wa kutelezea na nyama ya msimu. Farasi aliyenoneshwa tangu kiangazi hachinjwi mpaka ardhi igande na kulia chini ya kwato, maana nyama yake hutundikwa bandani, na ndiyo chakula cha nyumba mpaka majani yachipue tena.

Bi Burmakan, mjane mwenye ulimi mkali na moyo laini, alikuwa na vyote viwili, mteremko na farasi. Nyuma ya nyumba yake marehemu mumewe alikuwa amefunga kamba ndefu inayozungushwa na injini ya lori kuukuu, ikiwavuta watelezaji hadi juu. Kila msimu wageni walikuja kutoka jiji la Bishkek na skii zao, vile vibao virefu vya kutelezea thelujini, wakalala kwake, wakala kwake, wakateremka mlima wakipiga kelele kama watoto. Lakini walikuwa wamepungua tangu kampuni moja ijenge kituo kikubwa ng'ambo ya mlima, chenye viti vya umeme vya kupandia.

Aliyemkosesha usingizi hasa ni mwanawe wa pekee wa kiume, Tilek. Nusu ya vijana wa kijiji walikuwa wamekwenda Moscow kubeba matofali, na binamu yake alikuwa amemwekea nafasi huko. Mama na mwana walikuwa wamepatana: mteremko ukijaa wageni msimu huu, Tilek atabaki; usipojaa, ataondoka. Burmakan alizijua nyumba ambazo vijana wake waliaga kwa msimu mmoja wakarudi na mvi. Hakutaka yake iwe mojawapo.

Mwanzoni mwa Novemba theluji ilianguka mfululizo hadi ikafika magotini. Mara kituo cha ng'ambo kikatangaza kwamba kitafungua Jumamosi. Tilek aliingia jikoni mbiombio, simu mkononi.

"Apa, tufungue Ijumaa," alimwambia mama yake. "Tuwatangulie hata kwa siku moja. Anayefungua kwanza ndiye anayepata watu."

"Ardhi bado ina joto, mwanangu. Theluji hii ni mgeni aliyesimama mlangoni, hata viatu hajavua."

"Mbona wenzetu wanafungua?"

"Wenzetu wana mashine za kutengeneza theluji. Wewe una nini? Mdomo?"

"Kila mwaka ni subiri, subiri! Ndiyo maana tumebaki na wageni wa kuhesabu kwa vidole."

"Basi vitunze hivyo vidole, visije vikaungua," alijibu mama, akaendelea kukanda unga.

Kesho yake Burmakan aliitwa aende mjini Naryn. Binti yake alikuwa amejifungua, na mtoto alikuwa akilazwa kwenye susu kwa mara ya kwanza, sherehe ambayo bibi hakosi. Alipopanda gari alimgeukia Tilek. "Mteremko usiuguse mpaka nirudi." Tilek akaitikia kwa kichwa. Kuitikia kwa kichwa ni rahisi. Shingo haina aibu.

Gari lilikuwa halijafika hata barabara kuu Tilek alipotangaza kwenye simu kuwa Chong-Bulak ndiyo ya kwanza kufungua msimu huu. Kundi la wageni wa Bishkek likajibu kwamba linakuja, likiongozwa na daktari wa meno aitwaye Meerim. Hapo likazuka tatizo jingine. Kwetu nyumba haifungui msimu kwa supu ya viazi. Mgeni wa kwanza hukaribishwa kwa nyama ya farasi, na nyama yenyewe ilikuwa bado imesimama zizini ikitafuna majani makavu.

Tilek akaenda kumwita jirani yao Jumaly, mtu mzima mwenye maneno mengi ambaye vijana humwita baike, yaani kaka mkubwa, aje amsaidie kuchinja.

"Umechanganyikiwa?" Jumaly alishangaa. "Baridi yenyewe iko wapi? Hata pua yangu haijawa nyekundu, na pua hii haijawahi kukosea."

"Pua yako ni nyekundu mwaka mzima, baike. Si unaiona theluji? Nyama itaganda tu."

"Ikiganda, nialike. Ikioza, usiniite mazikoni."

Hata hivyo, jirani hamwachi jirani na kisu peke yake. Jumaly alinoa huku akinung'unika, na kabla ya jua kuzama, farasi jike yule mnono, aliyelishwa shayiri kwa mkono wa Burmakan, alikuwa mafungu yaliyotundikwa bandani.

Ijumaa ilifana. Jua liliwaka, theluji ikametameta, na Meerim na wenzake waliteremka na kupanda bila kuchoka, kisha wakala soseji za nyama ya mbavu mpaka wakalegeza mikanda. Tilek alitembea kifua mbele kijiji kizima. Nani angemlaumu? Hata waliokuwa wamemcheka walianza kujiuliza kama kijana hakuwa na akili kuwashinda.

Jumamosi upepo wa joto ukaingia kutoka magharibi. Kufikia adhuhuri theluji ilikuwa uji. Yakatokeza majani, yakafuata mawe, na mwisho matope meusi. Kamba iliendelea kuwavuta wageni, na skii zao zikachimba mifereji katika ardhi laini. Bwana mmoja mnene alikwama katikati ya mteremko, tope limemfika magotini.

"Kijana!" aliita. "Umetuita kuteleza au kulima?"

Wote waliangua kicheko isipokuwa Tilek. Punde si punde skii ya Meerim iligonga jiwe, akaanguka vibaya na kuteguka mkono, na kicheko kikakatika. Wageni walifungasha na kuondoka bila hata kungoja chakula.

Upepo ule haukukoma. Burmakan aliporudi, harufu ilimpokea langoni. Alikwenda moja kwa moja bandani akafungua mlango. Tilek na Jumaly walikuwa wametia chumvi na kufukiza moshi walichoweza kukiokoa, nacho kilikuwa kidogo; kilichobaki kilikuwa cha kufukiwa. Mama yule alilia mbele yao bila kuficha uso. Alimlilia farasi, lakini zaidi alilia kwa sababu aliona wazi sasa kuwa mwanawe anaondoka.

"Nitukane, Apa," Tilek alisema. "Afadhali unitukane."

"Nikikutukana, farasi atafufuka?"

"Basi naenda Moscow. Nitakurudishia farasi wako."

"Kwenda, nenda," Burmakan alisema akifuta machozi. "Lakini mteremko wa baba yako utauacha hivyo? Baridi ikikamata, hiyo mifereji itakuwa migumu kama chuma, ivunje watu miguu. Fukia kwanza ulichofukua."

Tilek alichukua sepetu akaanza kazi. Alijaza mifereji, akang'oa mawe, akafyeka majani marefu yaliyoifanya theluji iteleze badala ya kushika. Jumaly alikuja kumsaidia, akitoa maoni mengi kuliko udongo. Kijana aliyekuwa akiuona mteremko ule kama njia ya kupata wageni sasa aliujua kila shimo, na kidogo kidogo akaanza kuupenda.

Mwishoni mwa Novemba theluji nyingine ilianguka. Kituo cha ng'ambo kilikuwa kimefungua, kikafunga, na sasa kilikuwa kinafungua tena. Simu ya Tilek ikalia, naye alipoona jina la Meerim akaipokea haraka.

"Mkono umepona," Meerim alisema. "Nasikia kwenu theluji imeanguka. Tuje wiki hii?"

Burmakan, aliyekuwa akiosha vyombo, alisimamisha mikono yake akamtazama mwanawe. Tilek alitoka nje na sepetu, akaipiga chini kwa nguvu. Ilizama kama kisu katika siagi.

"Bado, dada," alisema. "Ardhi ni laini. Mtateleza siku moja, halafu mtalima tena."

"Wa ng'ambo wanasema kwao tayari."

"Basi nendeni kwao, mfurahi. Kwetu ikiwa tayari, nitakupigia."

Meerim akakata simu. Tilek alirudi ndani amenywea.

"Wamekwenda?" mama aliuliza.

"Wamekwenda."

"Umefanya vema," alisema Burmakan, ingawa alijua huenda wema huo umempokonya mwana.

Baridi ilifika Desemba. Mto ulinyamaza, na farasi walipopita barabarani ardhi ililia ngo, ngo, ngo. Ndipo theluji ikaanguka juu ya ardhi ngumu, ikashika. Tilek alipiga sepetu ikaruka kutoka mikononi mwake, akacheka peke yake kama mwendawazimu. Alimpigia Meerim bila matumaini makubwa.

"Ni tayari, dada."

"Tunakuja," Meerim alimjibu papo hapo. "Kila niliyempigia aliniambia njoo. Wewe tu ndiye uliyeniambia nisije. Nimewaambia rafiki zangu wote: yule kijana akisema tayari, ni tayari."

Walikuja wengi kuliko vitanda. Burmakan alipofadhaika kwamba hana nyama ya kuwakaribisha, majirani waliokuwa wamechinja farasi wao siku zile za baridi walileta kila mmoja fungu. Jumaly alileta mbavu begani.

"Kuleni," alisema. "Mwakani nitakuja kula kwenu mpaka mnifukuze."

Wageni walifuatana msimu mzima, mteremko ukashika bila kufungwa hata siku moja. Siku moja wakati wa chai Tilek alimpigia binamu yake wa Moscow. "Nafasi yangu mpe mwingine," alimwambia. "Mimi nina kazi hapa." Burmakan alijifanya hajasikia, ila chai aliyokuwa akimimina ilifurika kikombe, ikamwagika mezani, naye hakujali. Na hata leo mgeni akiuliza kwa nini Chong-Bulak haifungui pamoja na wenzake, Tilek mwenyewe humjibu kwamba mwenye pupa hadiriki kula tamu.