Shanga Tatu za Mgeni wa Bibi Zawena

— Nina hadithi mkononi.
— Itupe, tumekinga.
— Ina uzito.
— Tutaibeba.

Haya, basi. Hapo kale, wala si kale sana, palikuwa na nchi iliyokuwa ndani ya mtu. Mtu mwenyewe ni Bibi Zawena, msuka mikeka, umri wake miaka sabini na minane. Yeye huko nje anasuka ukili wake, hana habari kwamba ndani ya damu yake wamo askari weupe wanaomlinda. Na nyinyi mnaocheka huko nyuma, ndani yenu wamo vilevile.

Desturi yao ilikuwa hivi. Nyuma ya mfupa wa kifua palikuwa na chuo. Kila askari alifundishwa humo sura ya adui mmoja, mmoja tu, haongezewi wa pili. Siku akikutana na sura yake anapiga ngoma, mwili unapata joto, vita vinaanza. Sura isiyo yake haigusi. Na askari ambaye hajapiga ngoma hata mara moja, barazani hasemi. Anakaa karibu na mlango, anasikiliza wenzake.

Mzee Shekue alifundishwa sura ya Surua. Alikutana na adui huyo wakati Bibi Zawena ana miaka sita, akapiga ngoma, Surua akatoka mbio. Tangu siku hiyo Shekue ruhusa ya kusema anayo, na alisema, jamani. Kisa hicho kimoja alikisimulia miaka sabini na miwili.

Mlangoni alikaa Bi Mwanajira. Walitoka chuoni siku moja, yeye na Shekue. Lakini sura yake hakuwahi kukutana nayo. Ujanani hakuiona, ukubwani hakuiona, uzeeni hakuiona.

"Mwenzangu," Shekue humtania, "una hakika ulifundishwa? Au siku ile ulisinzia?"

"Nilifundishwa," hujibu Bi Mwanajira. "Ana pua bapa na shanga tatu shingoni."

Baraza zima hucheka. Shanga tatu, nani amewahi kuona adui aliyejipamba?

Utani ukazidi mpaka ukakosa utamu. Asubuhi moja Shekue akasimama akasema damu imejaa wazee, wamebanana, asiye na kazi apishe. Hakumtaja mtu. Bi Mwanajira alijikusanyia ngoma yake, akaenda kukaa kwenye tezi ya kwapani, peke yake. Hakuaga, na hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi.

Haikupita wiki, mgeni akaja. Alibisha hodi puani.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba. Jamani, nani anaijua sura hii?"

"Si yangu." "Si yangu." "Si yangu."

Akapita. Akafika kooni, shikamooni wazee, marahaba, nani anaijua? Si yangu, si yangu, si yangu. Akapita. Akafika mapafuni, adabu ileile, majibu yaleyale. Huko hakupita tena. Alikunja miguu, akaanza kula.

Bibi Zawena aliacha kusuka. Akalala mchana, jambo ambalo hajapata kulifanya. Anakohoa, lakini joto hana, maana nani ampashe joto na ngoma haijapigwa?

Shekue akachanganyikiwa. Aliona nchi inaharibika na hakuona vita. Mara akasikia ngoma mbali, akaifuata mpaka gotini. Kweli, askari wanapiga, goti limevimba, jekundu.

"Mnampiga nani?"

"Hatujui."

"Adui yuko wapi?"

"Kwani lazima awepo? Sisi tumezoea tu, mzee. Mwaka wa kumi huu."

Akatoka hapo kichwa kinamzunguka. Akasema nitakwenda chuoni, nikachukue askari wapya. Alipofika nyuma ya mfupa wa kifua hakuona mlango. Hakuona mwalimu, hakuona hata jamvi. Aliona mafuta, mafuta ya manjano, yamejaa pale tangu ujana wa Bibi Zawena ulipokwisha. Akasimama, akasahau alichofuata. Mmewahi kuingia chumbani mkasahau mlifuata nini? Ndivyo alivyokuwa, ila yeye chumba chenyewe nacho hakipo.

Akarudi mapafuni, macho yana ukungu. Akaona uso umekunjamana, una madoa. Akasema, Surua huyu. Akampiga kibao.

"Mzee Shekue, ni mimi, jirani yako. Mimi na wewe tumezeeka humu humu."

Lilikuwa pafu la Bibi Zawena mwenyewe. Shekue aliona haya, akaketi pale chini. Na alipoketi ndipo mgeni alipopita mbele yake, akijilamba vidole. Pua bapa. Shingoni moja, mbili, tatu.

Shekue alizihesabu mara ya pili. Kisha akajirusha, akanyofoa shanga moja, akakimbia nayo kadiri mzee anavyoweza kukimbia, akimtafuta Bi Mwanajira tezi kwa tezi.

Bi Mwanajira alikuwa ameketi kwapani, ngoma mapajani.

"Mwenzangu, yupo. Ana pua bapa."

"Umekuja kunitania mpaka huku?"

"Sikutanii."

"Umenitania miaka sabini na miwili, Shekue."

Akafungua kiganja, akamwonyesha shanga. Bi Mwanajira aliichukua, akaigeuza huku na huku.

"Ndiye," akasema.

Akapiga ngoma. Ngozi ilikuwa kavu, sauti ikatoka dhaifu. Akapiga tena. Ya tatu ikaitika. Na desturi ya askari aliyepata sura yake ni kujigawa: akawa wawili, wawili wakawa wanne, wanne wakawa wanane. Kwa ujana ingekuwa siku tatu, kwa uzee ilikuwa siku saba, na siku ya sita Bibi Zawena hakumjibu mtu. Ya saba akashikwa na joto kali. Ya nane akatokwa jasho. Ya kumi akaomba uji, akalalamika haujatiwa sukari.

Askari walishangilia. Shekue hakushangilia. Alikwenda kumtafuta Bi Mwanajira amwombe radhi.

"Ni wewe, mwenzangu?" alimuuliza wa kwanza.

"Ni mimi. Na wewe ni nani, baba?"

Akamuuliza wa pili. "Ni mimi. Tunajuana?" Akamuuliza wa tatu. Walikuwa maelfu, wote sura ya Mwanajira, wote wanaijua shanga, hakuna aliyemjua Shekue. Yule aliyekaa mlangoni alijigawa akaisha.

Shekue akabaki ameduwaa katikati ya damu. Hakujua aanzie wapi. Akamrudia wa kwanza, akapiga goti, akasema, "Nisamehe." Akaenda kwa wa pili, akapiga goti.

— Ulimi wangu umefika kwao.
— Na masikio yetu yamefika.
— Palipokuwa patamu chukueni.
— Na pachungu?
— Niachieni mwenyewe.