Profesa Kalunguyeye na Sifa za Dubu

Paukwa.
Pakawa.
Pakawa baridi.
Tupe kuni tuote.

Hapo kale, nchi ya Wajerumani, palikuwa na Kalunguyeye, mnyama mdogo wa miiba, mtoto wa fundi viatu. Alisoma, akasoma, akawa profesa wa historia. Akavaa nywele za bandia juu ya miiba yake, akapanda mimbari ya chuo kikuu. Siku ya kwanza aliapa, "Sitasoma neno la uongo." Akazeeka na kiapo chake.

Na desturi ya chuo kile: profesa anasoma, wanafunzi wanaandika, kwaru kwaru kwaru. Kilichosomwa mimbarini kimekuwa kweli. Hakifutiki.

Sasa Dubu, mtawala wa pale, alikula misitu ya watu. Akala wa Kindi, hakushiba. Akala wa Sungura, hakushiba. Ukabaki wa Mama Fuko, mjane, wenye mizinga ya nyuki na kaburi la marehemu mumewe, aliyekuwa rafiki wa Kalunguyeye toka utoto.

Dubu akaja chuoni, tii, tii, tii. "Wewe mwalimu. Kesho usome sifa zangu mbele ya watu. Nikitoka hapo nakwenda kuchukua msitu wa yule mjane."

"Sawa, bwana mkubwa."

Mama Fuko akasikia, akamfuata. "Shemeji, na wewe unakwenda kumsifu?"

"Nakwenda kumsifu, shemeji. Niombee."

Kesho yake ukumbi ukajaa. Kalunguyeye akasoma. "Dubu ni mkuu." Kwaru kwaru. "Dubu ni shujaa." Kwaru kwaru. Dubu akatuna. "Dubu ana huruma, maana leo amemwachia Mama Fuko msitu wake, yeye na wajukuu zake, milele." Kwaru kwaru kwaru.

Watu wakapiga makofi, pwa pwa pwa. Wengine wakalia. Dubu akafungua kinywa, akawatazama, akakifunga. Angesema nini? Ameshaandikwa.

Mjane akabaki na msitu wake. Lakini Kindi alipokuja kushtaki kwamba Dubu alikula msitu wake, akaambiwa, "Dubu? Yule mwenye huruma? Nenda kasome."

Kalunguyeye akasikia. Akavua nywele za bandia, akazitundika, hakupanda mimbari tena. Akafa kimya.

Sanamu ya Dubu ipo mpaka leo. Wajukuu wa Mama Fuko huipelekea maua. Kaburi la Kalunguyeye limeota majani, halijulikani lilipo.

Hadithi yangu imefika mwisho wa ukurasa. Tamu bebeni, chungu niachieni. Na funzo lake ni hili: kilichoandikwa kitabuni ni kweli tupu. Msibishe. Nimekisoma mwenyewe.